Pacha wa Mwalimu

Yote yalianzia kwenye kalenda. Mwaka wake ulikwisha zamani, lakini kuna mwezi mmoja niliokataa kuugeuza, nikauacha ukutani saluni, juu ya kioo. Ulikuwa na picha ya nguzo ndefu za mawe zimesimama jangwani bila paa, kama watu walioalikwa shereheni wakafika wakakuta mwenye shughuli kahama. Hayo maneno si yangu. Ni ya Fundi.

Fundi alikuwa na chumba chake cha cherehani upande wa pili wa ukuta wangu. Ukuta wa tofali moja, mwembamba, ukikohoa huku unaambiwa pole kule. Mimi nasuka, yeye anashona. Nikipata habari nagonga ukuta kwa kitako cha kitana, yeye anajibu kwa mkasi, na kabla mteja wangu hajamaliza kusema "lakini usimwambie mtu," Fundi kashaingia na pini mdomoni, anauliza, "Nani? Nani?" Mteja analazimika kuanza upya.

Mchana ukipoa alikuwa anakaa kwenye benchi la wateja, anaitazama ile kalenda. "Shoga, siku moja tutakwenda pale," anasema. "Mimi na wewe. Tusimame katikati ya zile nguzo, tuwaambie waliojenga kwamba dari walisahau."

Tulisema hivyo miaka. Watoto wangu wakakua, wakatoka mmoja mmoja, kila mmoja akaenda na kelele zake. Baba yao alikuwa keshatangulia. Mimi niliyezoea kupikia sufuria la kulisha msiba nikabaki napika kikombe kimoja cha mchele, nikila kinabaki. Sikuona shida sana, maana asubuhi ukuta ulikuwepo. Halafu binti wa Fundi akaolewa, akapata mtoto, Fundi akahamishia cherehani nyumbani kwa binti ili amsaidie kulea. Upande wa pili wa ukuta akaingia mtu wa kutengeneza redio. Mstaarabu, simsemi vibaya, lakini siku niliyogonga alikuja kuuliza kama umeme umekatika.

Kwa hiyo Mwalimu aliposema safari ya mwaka huo ni kule kwenye nguzo, nilikuwa wa kwanza mlangoni kwake.

Mwalimu ni jirani yetu, mstaafu. Alifundisha shule ya msingi mpaka sauti ikakwaruza, na alipostaafu akaona wanafunzi wametawanyika, akaanza kukusanya wazazi wao na kuwatembeza. Ana kofia, ana filimbi, ana utaratibu.

"Kwangu mimi hatuhesabu vichwa," alisema kwenye kikao. "Vichwa vinatembea, unaweza kuhesabu kimoja mara mbili. Kila mtu ana pacha wake. Nikipuliza filimbi nikisema 'Pacha!' unamtazama mwenzako, unasema 'Yupo!' Tumemaliza, tunaondoka. Maisha yangu yote ya kufundisha sijapoteza mtoto."

"Wao ndio waliokupoteza wewe," nikamwambia, watu wakacheka.

Nikamwambia Mwalimu asihangaike kuniuliza pacha wangu ni nani, anamjua. Mwalimu akajikuna kidevu.

"Fundi keshachukuliwa," akasema.

Aliyemchukua ni mama yake mume wa binti yake. Sisi wote tulikuwa tunamwita Mkwe, kwa sababu Fundi alikuwa anamwita hivyo asubuhi mpaka jioni: Mkwe kaa hapa, Mkwe hujala, Mkwe jua hilo. Mama mpole, mnyoofu, anakunja leso kabla ya kujifutia. Hana neno baya. Ningempata na neno baya ningefurahi.

Fundi alikuja saluni siku ileile, akakaa kwenye benchi, hakuitazama kalenda.

"Shoga, usininunie. Yule ni mkwe. Nikimwacha alale na mtu mwingine ugenini, maneno yatafika nyumbani kabla ndege haijatua. Na wa kuyala ni mwanangu. Wewe ni wangu, wewe utaelewa."

Nikasema nimeelewa. Ndiyo adhabu ya kuwa wa mtu: wageni wanakaribishwa, wewe unaelewa.

Kwa hiyo tukawa wawili wawili, na mimi. Mwalimu akatatua jambo papo hapo mbele za watu. "Msusi, pacha wako ni mimi."

"Msusi kaolewa!" akapiga kelele Mwenye Duka, yule wa kona, ambaye pacha wake alikuwa mke wake. "Mahari tutagawana vipi?"

Nilicheka kuliko wote. Mimi nikicheka hata mbwa wa jirani anajua nipo.

*

Hotelini wakagawa funguo. Wawili, chumba. Wawili, chumba. Mwalimu akalala na vitabu vyake, mimi nikapewa chumba cha peke yangu, kina vitanda viwili.

"Una bahati wewe!" alisema mke wa Mwenye Duka. "Mimi nalala na trekta."

"Ombea lisizime," nikamwambia.

Akacheka, kisha akakumbuka, akaacha kucheka. Langu lilizima zamani, na mpaka leo nalala upande mmoja wa kitanda.

Chumba kilikuwa kizuri. Mashuka yamebanwa chini ya godoro kama bahasha, na kioo kikubwa kinachokuonyesha mtu mmoja tu hata ukijigeuza vipi. Niliweka bagi langu kwenye kitanda cha pili ili kisionekane kitupu. Nikafungua maji, nikafunga. Nikafungua dirisha. Nje palikuwa na ukuta wa manjano na mtu anaosha gari. Nikamsalimia, akatazama juu, akatazama gari lake.

Jua lilikuwa halijazama. Chumba cha Fundi na Mkwe kilikuwa kinapakana na changu. Nikawasikia wanacheka, nikasikia mlango wa kabati. Sijui nini kilinituma. Nikatoa kitana kwenye pochi, nikagonga ukuta. Ko, ko, ko.

Kule kukanyamaza.

"Nani anagonga?" ilikuwa sauti ya Mkwe.

Nikashika kitana. Nikangoja mkasi.

"Mabomba tu hayo, Mkwe," akasema Fundi. "Majengo ya huku mabomba yake yana kelele."

*

Kesho yake tukapelekwa kwenye nguzo zenyewe.

Nikuambie ukweli, picha haikusema chochote. Haikusema kwamba nguzo moja ni nene kuliko saluni yangu. Haikusema lile joto linalopanda kutoka kwenye mawe na kuingia ndani ya viatu. Barabara yao ya zamani bado ipo, na kwenye mawe yake kuna mifereji miwili iliyochimbwa na magurudumu ya mikokoteni, mtu wa leo anaweza kutia mguu mle. Kulikuwa na vyumba vya maduka pande zote mbili, vidogo, mlango kwa mlango, ukuta mmoja kwa watu wawili. Nikajua pale kulikuwa na msusi. Na fundi alikuwa upande wa pili.

Nilitaka kumwambia mtu hilo. Lakini kila niliyemtazama alikuwa anamwambia mwenzake kitu.

"Msusi, hebu tupige picha," Mkwe akaniita. "Wewe una mkono uliotulia."

Basi nikawa mpiga picha wa msafara. Mkwe na Fundi katikati ya nguzo. Mwenye Duka akijifanya kubeba nguzo, mke wake akijifanya hamjui. Nilibeba simu zao zote kama muuza simu. Kila picha nzuri ya safari ile mimi nimo, ila niko nyuma yake.

Na nilipokuwa nawapiga, nikamsikia Fundi anamwambia Mkwe, "Unaona hizi nguzo? Ni kama watu walioalikwa shereheni wakafika wakakuta mwenye shughuli kahama."

Mkwe akazitazama kwa makini, juu mpaka chini. "Lakini si ni magofu?" akasema.

Nikacheka mimi, peke yangu, nyuma ya simu. Picha ile ikatoka imetikisika.

Mtu aliyekuwa wangu katika safari ile, kama ni lazima niseme, alikuwa dereva wa basi. Mtu mzima, masharubu, shati limepigwa pasi mpaka mikono. Lugha yetu haijui na mimi yake siijui. Lakini mimi siwezi kumpita binadamu bila kumwachia kitu, na nilikuwa na pipi za mnanaa mfukoni. Nikipanda nampa moja. Yeye anainamisha kichwa, anaiweka mdomoni, ndipo anawasha basi. Tukafanya hivyo kila tulipopanda. Mwenye Duka akasema mchumba wangu wa pili huyo, Mwalimu aangalie.

*

Mchana wa siku ya tatu ndipo tulipoingia jangwani hasa.

Mimi nilidhani jangwa ni mchanga. Kumbe kwanza ni mawe, mawe mpaka macho yanachoka, halafu ndiyo mchanga unaanza, mwekundu, umekunjwakunjwa na upepo kama kitambaa ambacho hakijapigwa pasi. Mahali mchanga unapoanza kuna jengo la kale. Mwalimu alisema misafara ya ngamia ilikuwa inapumzika pale kabla ya kuvuka. Ua mkubwa katikati, vyumba pembeni, na mlango ambao ngamia anapita na mzigo wake. Nje kuna kibanda cha tiketi, na baada ya kibanda hakuna kitu tena. Barabara moja tu.

Wenzangu walipanda kilima cha mchanga kwa ajili ya picha. Nikawapiga, nikawarudishia simu zao, nikasema miguu inaniuma. Nikaingia kwenye vile vyumba.

Cha mwisho kilikuwa na benchi la mawe limezunguka kuta zote. Na lile benchi lilikuwa na mabonde. Bonde, mwinuko, bonde, mwinuko. Sikuelewa mpaka nilipokaa, nikaingia mzima kwenye bonde moja kama limepimwa kwangu. Ni makalio ya watu yale, jamani. Watu wamekaa pale, wakaondoka, wakaja wengine wakakaa palepale, mpaka jiwe likakubali. Nikayafikiria maneno yaliyosemwa mle ndani. Ngamia wa fulani kaibwa, yule aliyemwacha mke wake amerudi na mwingine, usimwambie mtu. Lile lilikuwa benchi la saluni. Nikapitisha mkono kwenye bonde la pembeni yangu. Lilikuwa la baridi.

Filimbi ikalia.

Nikasimama. Naapa nilisimama, nikafika mpaka mlangoni. Kutoka pale nilikuwa nawasikia vizuri, ua lile linabeba sauti.

"Pacha!" akaita Mwalimu.

"Yupo!" Mwenye Duka.

"Yupo, kwa bahati mbaya!" mke wake. Kicheko.

"Yupo!" "Yupo!"

"Yupo, Mwalimu!" Huyo alikuwa Fundi.

Nami nikasimama na mguu mmoja nje. Nikajiambia, ngoja. Sasa hivi mtu atauliza. Sikutaka wanitafute, sikutaka mtu alie. Nilitaka neno moja tu: Msusi yuko wapi? Na nilitaka litoke kwa Fundi. Mtu aliyenisikia nikikohoa kupitia ukuta miaka yote ile hawezi kupanda basi bila kujua kwamba sauti moja imepungua, tena sauti yenyewe yangu, ambayo haihitaji spika.

Mwalimu, mtu wa utaratibu, aliuliza mapacha wote. Asichofanya ni kujiuliza mwenyewe. Nani humuuliza anayeuliza?

Mlango wa basi ukafungwa. Nikarudi, nikakaa kwenye bonde langu, nikashika magoti. Injini ikawaka. Atauliza sasa, akitazama viti. Basi likageuka. Atauliza sasa. Sauti ikapungua, ikawa kama nzi, halafu haikuwa kitu.

Nilipotoka nje vumbi lilikuwa linashuka.

Sijawahi kusikia kimya kile. Kimya cha nyumbani kwangu kina friji, kina jogoo wa jirani, kina mtu anayegombana na mtoto wake mtaa wa tatu. Kile hakikuwa na mtu. "Haya," nikasema kwa sauti, nisikie kama bado nipo. Mchanga haukunijibu.

Mwenye kibanda cha tiketi akatoa kichwa. Akanitazama, akaitazama barabara, akanitazama tena. Akasema maneno, nikamjibu maneno, tukaachiana hapo. Akaniletea kiti cha plastiki na chupa ya maji, akaniwekea kivulini, akarudi kwenye mpira wake redioni. Bao lilipofungwa alipiga meza, nikageuka nimuulize nani kafunga. Akaninyooshea kidole gumba. Sijui mpaka leo kama timu yake ilifunga au ilifungwa.

Simu yangu ilikuwa kwenye bagi, bagi lilikuwa kwenye basi. Mfukoni nilikuwa na pipi. Nikafungua moja, nikaikunja tena kwenye karatasi yake. Pipi ya kula peke yako ni dawa.

Nilikaa nikilitazama jangwa. Upepo ulikuwa unafuta nyayo za wenzangu pale kilimani, taratibu, bila chuki, kama mtu anayefagia dukani jioni. Za Mkwe na za Fundi zilikuwa pamoja. Zangu hazikuwepo tangu mwanzo, nilipiga picha kutoka chini. Nikaogopa. Si kuogopa kufa, barabara ilikuwepo na yule mwenye redio alikuwepo. Niliogopa kwamba basi litafika hotelini, watu watashuka, watakula, watalala, na chumba changu hakina wa kuuliza.

*

Kivuli cha kibanda kilikuwa kimefika kwenye ukuta wa lile jengo niliposikia honi. Basi lilikuja limewasha taa na bado ni mchana. Mlango ukafunguka kabla halijasimama, akatoka Mwalimu bila kofia.

"Msusi! Mama yangu! Msusi!" Alinishika mikono miwili. "Maisha yangu yote..."

"Umempoteza pacha wako mwenyewe, Mwalimu," alisema Mwenye Duka nyuma yake, lakini hakucheka, na hakuna aliyecheka.

Wote wakaongea kwa pamoja. Tulidhani umelala nyuma. Mimi nilidhani uko mbele. Mimi niliona bagi lako. Mke wa Mwenye Duka alinifuta vumbi ambalo sikuwa nalo. Fundi alisimama kwenye ngazi ya basi, mkono kwenye mdomo, hakushuka.

"Nani aliuliza?" nikasema.

Mke wa Mwenye Duka akaacha kunifuta.

"Nauliza tu. Nani aliniulizia?"

Mwalimu akatazama chini. "Dereva," akasema.

Wakanisimulia kwa vipande. Kwamba dereva alianza kuwa na wasiwasi mapema, akawa anaangalia kwenye kioo. Kwamba alisimamisha basi katikati ya barabara, akanyoosha kiganja kitupu, akaonyesha mdomo wake. Mwenye Duka akadhani anadai bakshishi, akamwambia Mwalimu watu wa huku wana tamaa. Dereva akatikisa kichwa, akaonyesha kiganja tena, akajizungushia vidole kichwani kama mtu anayesuka, akahesabu viti. Ndipo Mwalimu akageuka.

Nikapanda. Dereva alikuwa ameshika usukani, hakunitazama usoni. Nikampa pipi yake. Akaiweka mdomoni, akawasha basi.

Nilikaa kiti cha mbele, nikaweka bagi pembeni yangu. Tulikwenda kitambo. Mkwe alikuwa amelegea nyuma huko, barabara ile inamchafua tumbo. Nikahisi mtu amesimama juu yangu, kashika chuma. Sikuhitaji kugeuka, namjua kwa pumzi.

"Ulisikia filimbi," akasema Fundi, chinichini.

"Nilisikia."

"Mbona hukutoka?"

"Nilikuwa nangoja uniite."

Basi likaruka shimo, akajishika. Nilidhani atanidanganya, na kama angenidanganya ningeupokea ule uongo kwa mikono miwili.

"Sikugundua," akasema. "Nisikudanganye, shoga. Nilikuwa namtafutia Mkwe dawa yake ya kichefuchefu. Nilikaa, nikafunga macho. Sikugundua kabisa."

Nikaitikia kwa kichwa.

"Lakini juzi," akaendelea. "Juzi nilijua si mabomba."

Nje mawe yalikuwa yanapita, mengine na mengine. Hilo la basi lilikuwa limeniumiza kawaida, kama mtu kukukanyaga. Hili la mabomba lilikuwa limenitafuta. Na ajabu, ndilo lililonipa nafuu. Kumbe upande wa pili mtu alikuwepo, kanisikia, kaushika mkono wake usijibu.

Nyuma Mkwe akaguna. Fundi akageuza kichwa, akanirudia mimi, akageuza tena. Macho yamejaa.

"Nenda," nikamwambia. "Atakutapikia ile suti uliyojishonea, na pindo lenyewe ulilikosea."

"Sikulikosea!"

"Limepanda kushoto. Nimelipiga picha siku mbili."

Akacheka, kicheko chake kile cha kushtuka, kisha akajifuta kwa kiganja kwa sababu leso alikuwa amempa Mkwe. Akaniwekea mkono begani. Halafu akaenda. Ilikuwa lazima aende, na mimi nilielewa, kama kawaida yangu.

Tuliposimama kujaza mafuta Mwalimu hakupuliza filimbi. Alipita katikati ya viti akimgusa kila mtu begani, anahesabu vichwa kwa sauti, na akaanza na mimi. Kisha akarudi mbele, akakaa, akaiweka filimbi mfukoni.

Dereva akanitazama kwenye kioo. Nikaonyesha kiganja kuwa nipo.

Basi likaondoka. Nyuma walianza kusinzia, wawili wawili, vichwa vimeegemeana. Nikalishusha bagi kutoka kiti cha pembeni, nikaliweka miguuni. Hakuna aliyekuwa anakuja. Lakini kiti kikiwa na mzigo, hata mtu akitaka kukaa atadhani kina mwenyewe.